Dole Gumba la Rozalia

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Dukani kwa Custodio, mtaa wa Chuno, Rozalia alitoa dole gumba. Karani Jafari akalishika, akalibana pamoja na lake juu ya mashine ya malipo, kama siku zote. Mashine ikatangaza: salio hakuna. Rekodi yake ilionyesha kuwa Alhamisi saa kumi jioni, dole hilohilo lilikuwa limelipia gunia la mchele.

"Saa kumi nilikuwa kiwandani nabangua korosho!"

"Labda siku ya kujisajili mashine ilinasa dole la mkamwana wako," Jafari akasema kwa upole. "Si ulikuja na Ines? Na Alhamisi alikuwa hapa."

Saa nne Rozalia alikwisha kumfungia Ines mzigo arudi kwao Kitaya. Gari linaondoka saa sita.

Jirani yao Bi Riziki, muuza vitumbua, aliyekuwapo dukani asubuhi ile, hakuupenda ule upole. Akaketi kando ya mzigo.

"Ines, Alhamisi ulifuata nini dukani?"

"Sabuni, bibi. Nililipa taslimu."

"Rozalia, lete vidole." Akavigeuza juani. Mafuta ya maganda ya korosho yalikuwa yamevibabua miaka ishirini. Laini kama mgongo wa kijiko, hakuna mstari hata mmoja. "Shoga, kitambulisho cha taifa ulikipataje?"

"Walihangaika na vidole hivi mpaka adhuhuri."

"Na Jafari alikusajili kwa muda gani?"

"Dakika moja tu."

"Ehee! Inukeni."

Saa tano walikuwa dukani, Ines na mzigo wake kichwani.

"Custodio mwanangu, tucheze kidogo," Bi Riziki akasema.

Rozalia akabonyeza peke yake. Mashine ikakataa. Ines naye, ikakataa.

"Sasa Jafari."

"Mimi karani, bibi, si mteja."

"Bonyeza, baba. Haing'ati."

Custodio akamkamata mkono, akalikandamiza dole. Mashine ikasema: Karibu, Rozalia.

Jafari akaketi juu ya kreti la soda. "Nalipwa kwa kila mteja ninayemsajili. Dole lake liligoma, nikaweka langu. Sikukusudia kuiba. Halafu nikaona linafungua tu akaunti yake…"

"Na mtoto wa watu ulimsingizia ya nini?"

"Hana ndugu mjini hapa, bibi. Nani angemtetea?"

Custodio akapiga simu polisi. Rozalia akaunyooshea mikono mzigo wa Ines, lakini Ines akarudi nyuma.

"Kwanza useme, mama."

Rozalia akaishusha mikono.

"Nimekukosea, mwanangu."

Ines akautua mzigo, akamtwika mama mkwe wake kichwani, akatangulia njia ya nyumbani.