Kumi za Kwanza

Saa nne kasoro robo asubuhi, gari jeupe lilifunga breki lenyewe katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma likaligonga, na mkunga aliyekuwa akiendesha gari hilo jeupe akafa palepale.

"Mbele yake palikuwa peupe," dereva wa lori aliapa. "Liliona nini, mimi sijui."

Mchana Inspekta alifika kwenye karakana ambako rada ya gari hilo, jicho linalopima umbali wa kilicho mbele, ilirekebishwa jana yake. Chumba kilikuwa kimya mno. Bamba la chuma la kuielekeza rada lilikuwa bado kwenye stendi yake, likitazama nafasi ya gari ambalo halipo. Inspekta alijikuta hataki kupita mbele yake.

Alipima kwa tepu aliyokuja nayo. Pua ya gari huegeshwa sentimita 200 kutoka ukuta wa pembeni, na bamba lililo mbele yake hutakiwa kuwa umbali huohuo. Alama ya chaki chini ya bamba ilikuwa 190. Basi jicho lilifundishwa kwamba pembeni ndiko mbele, likaona nguzo ya kando ya barabara likadhani iko njiani.

"Nilipima sawasawa," alisema fundi wa rada. "Jana saa nane niliacha kila kitu tayari nikampeleka mwanangu kliniki. Saa tisa nikarudi, nikaikuta chaki, nikawasha mashine. Sikupima tena."

"Daftari lake linasema 210, chaki 190," alidakia msimamizi, kaka wa mume wa fundi, aliyeanza kazi hapo mwezi huo. "Afande, shemeji yangu nampenda, lakini hapo nitetee nini? Mimi vifaa vyake sivigusi."

Inspekta akamgeukia Kobe, fundi wa breki, aliyewahi kuitaka nafasi ya fundi wa rada akaikosa.

"Saa nane ulikuwa wapi?"

"Chini ya basi, na mwenye basi alikuwa kanisimamia kichwani. Halafu hiyo 210 ni sahihi, afande. Tepu yake ilikatika sentimita kumi za kwanza, akapigilia kibati kipya cha kushikia kwenye alama ya kumi. Sisi wa zamani tunajua. Tunamtania kwamba hata umri wake anauhesabu kuanzia kumi."

Inspekta alichukua tepu ile, akampa msimamizi.

"Hebu nisaidie. Nipimie mita mbili kutoka ukutani."

Msimamizi alichuchumaa, akabana kibati ukutani, akavuta tepu hadi 200, akachora. Mstari mpya ukalala juu ya ule wa zamani.

Inspekta aliupima kwa tepu yake mwenyewe: 190.

"Niliigonga stendi nikirudisha pikapu nyuma," alisema msimamizi hatimaye, bado amechuchumaa. "Nikafuta alama, nikapima upya kwa tepu yake, nikaisimamisha. Ndiyo kwanza nimepewa usimamizi. Niliogopa kuonekana sijui kazi."

"Na leo, uliposikia mtu amekufa?"

Msimamizi alifuta chaki vidoleni.

"Ungeniacha nifungwe, shemeji?" fundi aliuliza.

"Nilidhani watakuhurumia. Una mtoto mchanga."

"Unajua nani alimpokea huyo mtoto? Ni mkunga huyohuyo. Gari nilimtengenezea kwa shukrani."

Inspekta alimshika msimamizi mkono. Walipofika kwenye bamba msimamizi alisita, kisha akazunguka kwa nyuma.