Blanketi Juu ya Injini

Mimi Nibigira si mwoga. Sijawahi kuogopa kitu chochote duniani. Basi, niseme ukweli: Agosti ile, Sydney ilipofungwa kwa sababu ya korona, nililala na viatu miguuni.

Tuliishi nje kidogo ya Fairfield, kwenye shamba la kukodi. Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu Anicet na mkewe Thacienne. Kiwanda cha Anicet kilikuwa kimefungwa. Tulibaki na kabichi na lengalenga tu, yaani mchicha. Mwenye shamba alishatuonya: bustani ikikauka, tumrudishie ardhi yake.

Mvua ilikataa kunyesha. Upepo ulifanya udongo kuwa unga. Maji yalikuwa bwawani, na kazi ya kuyavuta ilikuwa ya injini moja ndogo ya dizeli, kuukuu, iliyounganishwa na pampu. Kila ikiwaka, ilikohoa. Na siku zile kukohoa kulikuwa kosa, hata kwa injini.

Kila saa tano asubuhi tuliketi mbele ya televisheni kusikia idadi ya wagonjwa na ya waliokufa. Chakula kilikuwa mkononi, lakini hakuna aliyetafuna. Halafu helikopta ya polisi ikipita juu, Thacienne alikimbilia kuzima televisheni, kana kwamba inasikika huko mawinguni.

"Mama," Anicet aliniambia, "majirani wakisikia mngurumo huu wataita polisi. Watasema tuna mkusanyiko."

"Mkusanyiko wa kabichi?"

Hakucheka. Tuliwahi kukaa katika kambi ya wakimbizi Tanzania miaka kumi na miwili. Huko tulijifunza jambo moja: ukisikia gari la askari, zima, funika, nyamaza. Basi Anicet akachukua mablanketi mawili, akaifunika injini, akafunga kwa kamba. Asubuhi, baridi ikiuma, aliiwasha na kuiunganisha na pampu hapo hapo, ili amalize haraka. Helikopta ikisikika, aliizima ghafla.

Siku ya tatu nilisikia harufu ya sufu inayoungua. Maji kwenye bomba yakawa membamba. Mvuke ukatoka chini ya blanketi.

"Inaungua!" Thacienne akapiga kelele.

Anicet aliizima, akang'oa mablanketi. Akateka ndoo ya maji bwawani, akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, pale yanapokaa maji ya kupoza injini.

"Wee! Usiguse hapo!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya ua. Alikuwa Peninah, Mkenya anayelima sukuma wiki shamba la pili. Kazi yake hasa ni kutengeneza jenereta za hospitali.

"Ukifungua sasa, maji yanayochemka yatakurukia usoni," alisema. "Na ukimwaga hayo ya baridi, chuma kitapasuka. Weka ndoo chini, kaka."

"Nifanye nini, dada?"

"Hakuna. Ngoja ipoe yenyewe."

Tulingoja zaidi ya saa nzima. Injini ilikuwa inalia tik, tik, tik. Thacienne aliniuliza kwa kunong'ona, "Mama, imekufa?" Niliangalia mistari ya kabichi, majani yameanza kulala, nikatuona akilini tukibeba magodoro yetu tena kwenda tusikojua.

"Nani aliivalisha blanketi?" Peninah aliuliza.

"Mimi," Anicet akasema. "Polisi..."

"Polisi wa nini? Kazi ya shamba inaruhusiwa. Juzi askari alinisimamisha, nikamwonyesha karatasi zangu, akaniambia niendelee. Lakini injini haina karatasi ya kujitetea. Sikiza. Rejeta ndiyo pua yake. Feni inavuta hewa, hewa inapoza maji, maji yanapoza chuma. Wewe umeiziba pua."

"Na sisi je?" niliuliza, nikigusa barakoa yangu.

"Shosho," akasema, akiniita bibi kwa Kikenya, "wewe umezibwa pua, lakini mdomo umekataa."

Hapo tu ndipo Anicet alipocheka kidogo.

Peninah aliendelea, akionyesha kwa mpini wa jembe. "Asubuhi, kabla ya kuwasha, angalia oili na maji, injini ikiwa baridi. Iwashe peke yake, bila pampu. Oili ya baridi ni nzito kama asali. Ipe dakika tano ifike kila mahali, na vyuma vipate joto polepole. Ukiitwika mzigo mara moja, vyuma vinasagana vikavu."

"Na kuzima?"

"Ondoa pampu kwanza. Iache ingurume taratibu dakika tano. Ukizima ghafla, maji yanasimama lakini joto bado limo ndani. Na usiifungie kibandani. Moshi wake ni sumu."

Injini ilipopoa, Anicet alifungua kifuniko polepole, kwa kitambaa. Peninah alitupitishia juu ya ua galoni la maji maalumu ya rejeta. Tukajaza. Anicet akawasha.

Ikakohoa. Ikanyamaza. Thacienne alinishika mkono hadi vidole vikauma. Akawasha tena. Ikakohoa, ikakohoa, kisha ikatulia na kunguruma.

Tangu siku hiyo mablanketi yalirudi kitandani. Anicet hana subira, kwa hiyo kazi ya kupima dakika nilipewa mimi. Nilikuwa naiwasha, nasali mafungu mawili ya rozari, kama dakika tano hivi, halafu ndipo naiunganisha pampu. Jioni vilevile, kabla ya kuzima. Septemba kabichi zilikuwa kubwa kuliko vichwa vyetu. Mwenye shamba alikuja, akaangalia, akatuachia ardhi. Kabichi nyingine tulizipeleka kwa wakimbizi wenzetu waliojitenga Fairfield kwa sababu ya korona. Unaweka mlangoni, unabisha, unakimbia kama mwizi.

Asubuhi moja yenye baridi kali, Peninah alipitia langoni kuchukua galoni lake. Alinikuta nimekaa na chai yangu, pampu inavuta maji kwa nguvu zote.

"Shosho, umeshasali?"

"Mafungu yote mawili, mwanangu. Nikakuombea na wewe."

Aliinama, akaondoa pampu, kisha akapitisha kidole ubavuni mwa injini. Akakileta mbele ya macho yangu. Kilikuwa cheupe, kimejaa barafu ya usiku ambayo dakika tano za rozari zingekuwa zimeshaiyeyusha.