Kidonda Chini ya Tandiko

Kila Jumamosi, jua likiwa bado changa, Kidoti alikuwa zizini akiwapamba punda wanne wa baba yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili na kazi aliijua vizuri: kupiga manyoya brashi, kuwavisha punda shanga, kisha kunyunyizia marashi shuka nyekundu ambazo baba alikwisha kuziweka chini ya matandiko. Watalii waliopandishwa mlimani walipenda punda wanaonukia.

"Yule mkongwe mzidishie," baba alisema, akimaanisha punda jike aliyewazidi wenzake umri. Ilikuwa wiki ya pili sasa anatoa agizo hilo.

Kidoti akamimina. Punda akaruka, ngozi ikimtetemeka.

"Tulia wewe! Kudeka gani huku?" akamkaripia. Lakini alipovuta pumzi, akaziba pua. Ilikuwa harufu ya panya aliyefia darini, halafu mtu akammwagia manukato.

"Baba, kuna kitu kimeoza hapa."

"Kaza mkanda, usifunue kitu. Wageni hao wanakuja."

Baba alipokwenda getini, Kidoti akalegeza mkanda na kuinua tandiko. Shuka ilikuwa imegandana na nyama. Ilipobanduka ilitoka na kipande cha ngozi. Chini yake palikuwa na kidonda kipana kama kiganja, kinachuruzika usaha wa manjano, na ndani mabuu meupe yakipishana kama watu sokoni. Kingo zake zilikuwa zimeungua kwa marashi. Marashi aliyomimina yeye mwenyewe, kila Jumamosi, huku akigomba.

Akalirudisha tandiko, akakimbilia ukutani, akatapika chai yote.

Alikuwa bado anajifuta mdomo baba alipoingia na mgeni mwenye kitambi pamoja na mkewe. "Huyu ni mpole," baba alisema, akimpigapiga yule mkongwe shingoni. "Panda tu, bwana."

"Shikamoo, bwana. Usimpande huyo," Kidoti alisema. "Ana kidonda."

"Kidoti!" baba alifoka.

Kidoti akainua tandiko na shuka yake. Mgeni akarudi nyuma akiziba pua.

"Yaani mlitaka nikalie uozo huu?"

"Na shanga wamemvalisha!" mkewe akasema, akatema mate. "Hamna hata haya." Wakaondoka bila kugeuka.

"Umenivua nguo mbele za watu!" baba alisema.

"Basi njoo uangalie, baba. Uangalie tu."

Baba hakusogea. Aligeuza uso, na hapo Kidoti akaelewa kwamba alikuwa amekwisha kukiona kidonda siku nyingi. Akatupa tandiko chini, akashika kamba, akamwongoza punda kwa daktari wa mifugo, mtaa wa pili. Walipofika kona akasikia viatu vya baba nyuma yake.

Daktari, mama asiyemung'unya maneno, hakumaliza hata salamu. "Shika kichwa," alimwambia baba, "na usiangalie pembeni." Akatoa mabuu moja moja na kuyatia bakulini, akakamua usaha, akaosha. Baba alitazama mpaka mwisho, jasho likimtoka.

"Sponji ya tandiko imekwisha tangu lini?"

"Muda, daktari," baba alinong'ona.

"Ubao wa tandiko unakula nyama. Huyu habebi mtu tena. Na wale watatu, matandiko mapya kwanza, ndipo kazi."

Kidonda kilichukua miezi miwili kufunga. Baba alishona matandiko mapya, na kila asubuhi akawa anakagua migongo ya punda mbele ya wageni. Mwenye mchubuko wowote alibaki zizini.

Siku manyoya yalipoanza kuota penye kovu, baba alimwita Kidoti.

"Nilijua, mwanangu. Kila asubuhi nilijiambia nitampeleka kesho. Kidonda kile kilinitia kinyaa, lakini najitia kinyaa zaidi mimi mwenyewe. Nilivyozoea kukificha, niliacha hata kufikiria kukitibu, na mnyama anaumia. Ukiniona tena nafanya hivyo, sema. Nikifoka, sema tena."

"Nitasema, baba," Kidoti alijibu, wala hakutabasamu.