Namba ya Tawi na Namba ya Mwenyewe

"Barua yangu umeitupa ndiani, au pesa zangu umezila?"

"Bi Rahima, muogope Mungu! Nimeitia posta Amu kwa mkono wangu huu."

"Mkono wenyewe mrefu!"

Mtaa mzima wa Pate ukatoka kusikiliza. Kwa miaka kumi Abdulghafur alikuwa akipeleka barua za majirani posta ya Amu, mjini Lamu, bila malipo. Siku hiyo Rahima alimwita mwizi mbele ya watu. Tangu hapo hakuna aliyempa hata bahasha moja.

Rahima alikuwa mjane. Mumewe, kabla ya kufa, alimfungulia akiba benki, Mombasa. Aliiandikia benki barua kuomba pesa aezeke nyumba kabla ya masika, akampa Abdulghafur aipeleke posta. Miezi mitatu, kimya.

Siku moja barua ile ikarudi, na mihuri ya Mombasa na Kampala. Rahima akampelekea Bwana Hadi, aliyewahi kuwa karani wa benki.

"Daftari lako la benki lasemaje?"

"Ishirini na tatu, kistari, arubaini na moja."

"Mbona hapa umeanza na arubaini na moja?"

"Mimi nimesoma chuoni, kwa hati za Kiarabu, Bwana. Huanza kulia."

"Benki huanza kushoto. Sikiza. Benki ina matawi mengi, na kila tawi lina namba yake. Namba ya kwanza ni ya tawi, ya pili ni ya mwenye akiba. Tawi lako la Mombasa ni ishirini na tatu. Wewe umeandika tawi la arubaini na moja, ndipo Mombasa wakaipeleka Kampala! Huko hawakujui."

"Basi Abdulghafur aliipeleka?"

"Aliipeleka. Imetembea kuliko sisi sote."

Rahima hakucheka. Aliandika upya, namba kama zilivyo daftarini. Baada ya wiki tatu hawala ya pesa zake ikafika posta ya Amu. Mvua ilikuwa imekwisha kumlowesha, lakini nyumba ikaezekwa. Wanawake wa mtaani nao wakajifunza kunakili namba vizuri.

Lakini neno likitoka halirudi. Rahima alisimama mlangoni kwa Abdulghafur, akapaza sauti mtaa usikie.

"Nilikutukana hadharani, na hadharani nasema: nilikudhulumu. Nisamehe, ndugu yangu."

Abdulghafur akafungua mlango.

"Nimekusamehe. Ila barua za watu sichukui tena, Bi Rahima."

Rahima akainamisha kichwa, akageuka aende zake.

"Waenda wapi?" Abdulghafur akamwita. "Mke wangu Alawiya kashapakua. Ingia ule."