Laptopu ya Rebeccah Ililala na Saa Yake

"Mama Chemutai, kwani ulikosana na msichana wako?"

Mokeira, jirani anayefanya kazi kwa saiba, duka la intaneti pale mjini Sosiot, ndiye aliyeuliza. Walikuwa wanachuma majani chai. Rebeccah akasimama. Tangu amzike mumewe, mtu wa nyumbani aliyebaki wa kumwita mama alikuwa binti yake Chemutai, na Chemutai yuko Qatar.

"Nani amesema?"

"Yeye mwenyewe. Ameniandikia. Amekupigia kwa laptopu Jumapili tatu, saa kumi, hushiki. Kesho anajaribu mara ya mwisho."

"Mungu anajua! Saa kumi nawasha modemu, nakaa hapo. Kimya. Giza likiingia mapema nadhani ni mvua."

Kesho yake Jumapili, baada ya ibada, Mokeira alikuja nyumbani kwa Rebeccah. Laptopu ilisema saa sita. Simu ya Mokeira ilisema saa nane.

"Hata saa ya ukutani ni saa sita?"

"Mimi huirekebisha nikifuata laptopu. Si hiyo ndiyo imesoma?"

Mokeira alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu msomi wako hulala darasani, mama. Tumjaribu."

Aliweka saa ya laptopu sawa, akafunga kifuniko. Wakanywa chai dakika ishirini. Walipofungua, laptopu ilikuwa nyuma dakika ishirini.

Akairekebisha tena. Sasa akaizima kabisa, wakangoja, akaiwasha. Saa ilikuwa sawa.

"Umeona? Betri ndogo ya ndani inayoendesha saa ni nzima. Ukifunga kifuniko bila kuzima, laptopu inalala, na saa inasimama. Ikiamka, inaendelea pale iliachia."

"Na mimi nimekuwa nikiifunga kama Biblia!"

"Usiifunge hivyo. Izime kabisa ukimaliza."

Kisha Mokeira aliwasha modemu, akaingia kwa mipangilio, akachagua saa ijirekebishe kwa mtandao. "Ukiwasha modemu, hakikisha saa ya laptopu inalingana na ile inayotangazwa kwa redio. Hiyo ya ukutani pia, fuata redio."

Rebeccah akapanda kiti, akaisogeza mishale ya saa ya ukutani. Wakakaa kungoja.

Saa kumi laptopu ikalia.

"Mama?" Uso wa Chemutai ulikuwa umekonda. "Uko? Nilidhani hutaki kuniona."

"Niko, mwanangu. Siku zote nilikuwa hapa, nikikungoja."

Chemutai akaanza kulia. Rebeccah akaweka kiganja kwenye kioo cha laptopu.

Mokeira akachukua shuka yake ya kujitanda, akatoka.