Chupa Chini ya Kitanda

Wazazi wenzangu, nyumba ya jirani yangu fundi cherehani ilikuwa nyumba ya vicheko. Jioni cherehani iliunguruma sebuleni, mkewe akimenya viazi, na binti yao wa darasa la pili, tuliyemwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake, akiwauliza wote maswali yasiyo na mwisho.

Kisha fundi akajifunza kutengeneza mvinyo wa mananasi. Mwanzo ulikuwa mwema: matunda, sukari, hamira na maji yaliyochemshwa, ndani ya ndoo iliyofunikwa kitambaa.

"Glasi moja ya wageni tu, mke wangu."

Lakini mvinyo huonjwa ili ijulikane kama umeiva, na fundi aligeuka mwonjaji asiyechoka. Akaonja kabla ya chai, akaonja kabla ya kushika mkasi. Suruali zikaanza kutoka na mguu mmoja mrefu.

"Fundi, ulinipima mimi au ulimpima korongo?" mteja mmoja alimuuliza.

Mkewe hakucheka. "Baba Chiriku, unaonja au unakunywa?"

"Sasa nitajuaje kama umeiva?"

"Atakayeiva kwanza ni wewe."

Siku hiyo mama Chiriku aliimwaga ndoo. Fundi akaapa ameacha. Kumbe alianza upya kwa siri, na siri ina harufu. Jamani, mvinyo unaochacha hutoa hewa, na hewa hiyo sharti ipate pa kutokea. Ndiyo kazi ya kile kitambaa. Yeye, kwa kuogopa pua ya mkewe, aliutia katika chupa za kioo ungali unatoa povu, akakaza vifuniko kwa koleo, akazisukuma chini ya kitanda cha mtoto.

Mchana mmoja wa joto kali Chiriku aliinama kutafuta kiatu. Mimi nilikuwa naanika nguo za mwanangu niliposikia mlipuko. Nilikimbia, nikamkuta mama amempakata sakafuni, vioo vimetapakaa.

"Mama, washa taa," mtoto alisema.

Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Madaktari walihangaika sana. Jicho moja lilipotea kabisa. La pili huona mwanga tu, haliwezi kusoma herufi. Fundi aliposogea kitandani hospitalini, aliinamia godoro akilia. Chiriku alinyoosha mkono, akampapasa uso.

"Baba, usilie. Mimi sikumwambia mama."

Alijua siku zote. Baba ndiye aliyemwomba anyamaze.

Mafunzo

Ndugu zangu, anayejifunza kutengeneza mvinyo asifunge chupa ungali unatoa povu. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ukiona aibu kumwonyesha mwenzio unachokunywa, ujue kimeshakushinda; mwambie, akusaidie mapema. Wala usimtwishe mtoto siri yako. Mtoto hujui ataibebea wapi, na kwa kukupenda, hataitua.