Kurasa Mbili Nyuma ya Kioo

Wewe uliiona barua ile. Usigeuze uso. Ilining'inia wiki tisa katika duka la fremu, juu ya meza ya kukatia vioo, mahali ambapo kila anayeingia lazima ainue macho. Uliingia kuchukua picha ya harusi. Uliingia kuulizia kioo cha dirisha. Ulisema, "Hongera, fundi," ukaenda zako. Hukuisoma. Mtaa mzima haukuisoma.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Yule fundi wa maabara umemsahau? Alijibiwa hapana, akaichoma barua kwa hasira. Mistari ya chini ilimwambia somo gani limempungukia na lini aombe tena. Iliungua nayo. Na mpima ardhi je? Aliambiwa asubiri kwenye orodha, akadhani ni lugha ya adabu ya kumfukuza, akazima simu. Wale uliwaona pia. Sasa kaa, usikie habari za huyu wa tatu.

Fundi Fremu hufungua duka saa moja asubuhi. Hupangusa meza, huwasha redio, hunoa kisu cha kioo. Mkewe hukaa karibu na mlango na cherehani yake, maana hapo ndipo penye mwanga. Binti yao ni mkunga katika kituo cha afya cha pale mtaani, na watu humwita Mkunga tu. Amefanya kazi hiyo miaka sita.

Kituo kile kina vitanda vinne vya uzazi. Uzazi ukiwa wa kawaida, Mkunga anaumudu. Ukiwa mgumu, mama hupakiwa garini na kupelekwa hospitali ya mbali. Mwaka ule, akina mama wawili walikufa njiani. Mkunga alikuwa amekaa nao nyuma ya gari, wote wawili, kila mmoja kwa siku yake. Baada ya yule wa pili aliomba chuo, asomee shahada ya uzamili ya ukunga. Alitaka kujifunza kile ambacho hakukijua mle garini. Basi. Hakutaka cheo.

Barua ilikuja dukani, kwa kuwa duka ndilo lenye anwani. Mkunga aliifungulia juu ya meza ya vioo. Zilikuwa karatasi tatu. Alisoma ya kwanza kwa sauti: chuo kilikuwa na furaha kumjulisha kwamba amekubaliwa. Mama aliinuka na uzi mdomoni, akamkumbatia hivyo hivyo, uzi ukabaki kwenye bega la binti. Kabla hajageuza karatasi, simu iliita. Kituoni kulikuwa na mama wa mapacha. Mkunga alitoka mbio, barua akaiacha mezani.

Hapo sasa ndipo kazi nzuri ilipoharibu kila kitu.

Fundi Fremu ana utaratibu wake. Hakubali karatasi ya mteja iguse ubao wa nyuma, kwa sababu ubao huitia manjano baada ya miaka michache. Siku zote huweka karatasi nyingine safi katikati. Siku ile alitazama zile karatasi mbili zilizobaki. Moja ilikuwa na jedwali la tarehe. Nyingine ilikuwa na nukta nukta tu za kujazwa. Hazikuwa na sahihi wala mhuri. Fundi anasoma vizuri lugha yake, lakini chuo kiliandika kwa lugha ya maofisi. Akaona zile ni karatasi za kujazia bahasha. Akaona pia ni vizuri barua ikae na wenzake. Akazipanga nyuma ya ile ya kwanza, akafunika kwa ubao, akapiga misumari midogo kumi na miwili, akabandika mkanda kuzunguka pembe zote. Mbao alizotumia alikuwa amezitunza tangu binti yake yuko shule ya msingi. Alikuwa anasubiri jambo la kuzistahili.

Mkunga aliporudi, barua ilikuwa ukutani.

"Baba, karatasi zilikuwa tatu."

"Zimo humo humo, mama. Ziko salama kuliko wewe."

Mkunga alicheka. Alizitazama zile mbao, kisha vidole vya baba yake vyenye gundi. Angewezaje kumwambia aifungue? Alijiambia ataziangalia siku nyingine. Mtu amekwisha kubaliwa, kuna nini tena? Chuo kitamwita.

Wateja walianza kumwita fundi Baba Profesa. "Baba Profesa, kioo changu vipi?" Naye anajifanya kukasirika, huku anakipangusa kile kioo cha ukutani kwa mara ya tatu tangu asubuhi. Mama aliwaambia wanaomdai nguo kwamba sasa watangoja kwa heshima, hii ni cherehani ya msomi.

Siku zikaenda.

Wiki ya tisa aliingia Bi Mhuri. Ni jirani wa nyuma ya duka, mstaafu. Alifanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya udahili ya chuo kingine, ofisi inayopokea maombi ya wanafunzi na kuyajibu, na jina lake limetokana na kazi hiyo. Alikuwa safarini kwa mwanawe, ndiyo kwanza amerudi. Alileta picha ya marehemu mumewe, kioo kimepasuka. Akiwa anasubiri aliinua macho, akavaa miwani, akaisoma barua yote. Yote, mpaka chini kabisa, palipoandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: ukurasa wa kwanza kati ya tatu.

Aliuliza kurasa nyingine ziko wapi. Fundi akatabasamu, akagonga fremu kwa kidole. Ziko nyuma.

"Fundi, ivunje."

"Nivunje nini?"

"Hiyo fremu. Na umwite binti yako."

Fundi aliishusha, akachukua koleo, akaanza kung'oa msumari mmoja mmoja ili mbao zisiumie. Aling'oa mitatu. Mama aliinuka, akamnyang'anya ile fremu na kuipiga kwenye kona ya meza. Kioo kilitapakaa mpaka chini ya cherehani.

Mkunga alikuja na sare yake ya kazi. Alisoma ukurasa wa pili, akawaelezea wazazi wake mstari kwa mstari. Nafasi ingeshikiliwa siku ishirini na moja. Katika siku hizo alitakiwa ajaze ukurasa wa tatu, atie sahihi na kuurudisha, pamoja na nakala za matokeo zilizothibitishwa na barua ya mwajiri ya ruhusa ya masomo. Kisha alifika kwenye mstari wa mwisho, akasimama.

"Soma," alisema Bi Mhuri.

"Wanasema nikinyamaza, watahesabu kwamba nimekataa."

Fundi aliomba arudie. Akarudia.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewajibu hapana," alisema fundi. "Kwa misumari kumi na miwili."

Mama alichukua ufagio, akaanza kukusanya vioo chini ya cherehani.

Na chuo je? Chuo kilishindwa nini kuuandika mstari huo juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwa lugha ya baba mzazi? Kilipata nafasi ya kuweka nembo yenye simba wawili. Hakikupata nafasi ya mstari mmoja wa maana. Lakini hasira hairudishi siku, na Bi Mhuri hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliuliza anwani ya barua pepe iliyotumika kwenye maombi ni ya nani. Mkunga alisema ilifunguliwa na mwenye kibanda cha kompyuta, na neno la siri analo yeye. Wakaenda kibandani. Mle ndani zilikuwamo barua mbili za kukumbusha kutoka chuoni. Ya pili ilisema ni ya mwisho.

Bi Mhuri alimkalisha Mkunga kwenye kiti cha cherehani, akamweleza mambo ambayo alipaswa kuyasikia wiki tisa nyuma. Barua ya chuo si cheti, alisema. Ni swali, nalo lina siku zake za kujibiwa. Ukikubaliwa, unathibitisha kwa maandishi. Ukikubaliwa kwa sharti, unauliza sharti hilo litimizwe lini na kwa karatasi gani. Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, unaandika kwamba bado unaitaka nafasi. Ukikataliwa, unauliza kwa adabu kilichopungua na dirisha la maombi litafunguka lini tena. Ukishindwa kuanza mwaka huo, unaomba kuahirisha kabla tarehe haijapita. Hata ukiwa huitaki nafasi, unawaambia, apate mwingine. Na kila unachokipeleka, unabaki na nakala yenye mhuri wao.

"Kwa hiyo mimi naandika nini leo?" aliuliza Mkunga.

"Ukweli. Ukurasa mmoja. Usilie humo ndani, hawana kitambaa."

Aliandika jambo lilivyotokea, akaomba nafasi yake kama bado ipo. Hakumtaja baba yake. Aliandika kwamba hakusoma kurasa zote, na kwamba kosa ni lake.

Kesho yake aliipeleka kwa mkono. Karani wa dirishani alifungua daftari, akatembeza kidole, akasimama. Nafasi ilikwisha kupewa mtu mwingine, siku arobaini zilizopita. Mkunga aliuliza kama anaweza kuahirisha hadi mwakani. Karani alisema huwezi kuahirisha nafasi ambayo hukuwahi kuipokea. Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayekwambia saa ngapi.

Mkunga alikuwa ameshageuka kuondoka. Akakumbuka Bi Mhuri alivyomsisitiza asiondoke dirishani na hapana tupu. Akarudi, akauliza kama jalada lake linaweza kuhifadhiwa, asianze upya kutafuta mapendekezo ya walimu wake. Karani alisema inawezekana, akiandika ombi kabla ya Ijumaa. Aliliandika pale pale, amesimama. Likagongwa mhuri. Alirudi na nakala.

Ndilo jambo pekee alilorudi nalo.

Mwaka ule mama wa tatu alikufa garini. Mkunga alikuwa nyuma naye.

Mwaka uliofuata barua nyingine ilikuja. Waliisoma wote wanne mezani, kurasa zote, Bi Mhuri akiwa na miwani. Ilisema asubiri kwenye orodha. Alijibu siku hiyo hiyo, na jibu likagongwa mhuri. Hadi leo anasubiri.

Duka limebadilika. Fundi Fremu haweki tena barua ya chuo nyuma ya kioo mpaka mwenyewe aisome kwa sauti mbele ya meza, mpaka neno la mwisho. Wengine hununa. Mwalimu mmoja wa kike alikuja na barua yake amejipodoa, anataka fremu ya dhahabu. Fundi akamwambia, "Soma kwanza, mwalimu." Akaanza kusoma huku anacheka. Kwenye ukurasa wa pili aliacha kucheka. Ilikuwa imebaki siku moja. Alitoka mbio na kiatu kimoja kimefunguka, akawahi. Sasa yuko chuoni, anasoma. Fundi alipopata habari hizo alienda nyuma ya duka, akakaa huko mpaka mkewe alipomfuata.

Ukutani, juu ya meza, pamebaki mraba mweupe ambapo rangi haikupata vumbi. Ukiingia utauona. Wewe ni hodari wa kuona.

Basi kwako pia kuna barua. Ni yako, au ya mwanao, au ya yule mpangaji wa chumba cha pili anayekuamkia kila asubuhi. Iko kabatini, iko chini ya godoro, iko kwenye simu ya mtu mwingine. Hesabu kurasa zake. Tafuta tarehe. Usipoielewa hapo, mtafute anayeelewa, umgongee mlango hata kama anakula. Lakini usiniambie kesho. Inuka. Kailete.